Usihesabu Wakimbiaji, Watazame Walio Mbele

Mwaka huu sikuja na ngano wala shairi. Nimekuja na jambo lililomtoa mama yangu jasho na pesa, nikaona si vyema nilifiche, maana wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai.

Mama hufuma masweta ya shule hapa Kitale. Ana mashine mbili za kufumia na kibanda kidogo karibu na soko. Pesa zangu za chakula cha mchana shuleni hutoka humo. Mwaka jana alimlipa kijana mmoja mjuzi wa kompyuta amtengenezee tovuti. Kijana akamwahidi kwamba mzazi yeyote akitafuta sweta katika Google, atamwona yeye kwanza. Januari ikaja, wazazi wakanunua kwingine, na simu ya mama haikulia hata mara moja kwa sababu ya tovuti ile. Mama akaniambia, "Mwanangu, pesa zangu zimeliwa hivi hivi." Jioni moja nilipomaliza kudurusu, nikamwomba simu yake nichunguze.

Kwanza tuelewane. Mtu anapotaka kitu katika intaneti huandika maneno machache, na mtambo wa kutafutia, kama vile Google, humletea orodha ya kurasa. Maneno hayo nitayaita maneno ya kutafutia. Mwenye tovuti huchagua maneno ambayo angependa aonekane kwayo, kisha huyatumia katika kichwa cha ukurasa wake na katika maelezo. Shida ni kwamba wengine nao wameyachagua maneno yayo hayo. Huo ndio ushindani, na ni lazima uupime kabla ya kuchagua. Yule kijana hakupima chochote. Alichagua neno "masweta", basi.

Mimi nami nilianza kwa kosa. Nilidhani ushindani ni wingi wa kurasa. Google hukisia idadi ya majibu iliyo nayo, nami nikiona mamilioni nilikata tamaa, nikiona maelfu nilichekelea. Kumbe nambari hiyo ni makisio tu! Tena huingiza kila ukurasa uliotaja maneno hayo kwa kupitia, hata habari ya gazeti kwamba mtu fulani alivaa sweta siku ya baridi. Isitoshe, ukifungua orodha hiyo hadi mwisho hutapata zaidi ya majibu 1,000 hivi. Mamilioni yaliyobaki huyaoni.

Hebu fikiria mbio za nyika. Wakijitokeza wakimbiaji 300 nao wote wanatembea, utashinda hata kwa raba zilizotoboka. Lakini mkijitokeza wawili tu, wewe na Paul Tergat wa enzi zile alipotwaa ubingwa wa dunia wa mbio za nyika mara 5 mfululizo, kuanzia 1995 hadi 1999, nambari moja isahau. Kwa hivyo usihesabu waliojiandikisha. Watazame walio mbele, halafu ujipime wewe mwenyewe. Katika intaneti, walio mbele ni wale kumi wa kwanza, kwa kuwa watafutaji wengi hawana subira ya kwenda mbali zaidi.

Je, hao kumi utawapimaje? Mimi hutazama mambo manne.

La kwanza, ni akina nani? Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, walieleza njia yao ya kupanga kurasa. Walisema kiungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine ni kama kura, na kura ya ukurasa unaoheshimika ina uzito zaidi. Leo Google hutazama mambo mengine mengi, lakini viungo bado vimo. Basi ukiona kumi wote ni maduka makubwa, magazeti na idara za serikali, jua hao wamepigiwa kura kwa miaka mingi. Tovuti ya mama ilikuwa haina kiungo hata kimoja. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

La pili, je, wameyalenga maneno hayo? Soma vichwa vya kurasa zao. Ukiyatia maneno yako ndani ya alama za kunukuu, Google itakutafutia kurasa zenye maneno hayo kwa mpangilio huo huo. Ukiandika amri allintitle: mbele ya maneno, utaletewa kurasa zenye maneno hayo katika vichwa vyao. Hao ndio wapinzani waliokuja kukimbia kweli, wengine ni watazamaji. Ukiona katika kumi wa kwanza kurasa ambazo vichwa vyake vinazungumzia mambo mengine, hapo pana mwanya.

La tatu, mtafutaji anataka nini? Nilipoandika "kufuma masweta", kurasa nyingi zilikuwa za mafunzo ya kufuma. Mtu huyo anataka kujifunza, hataki kununua. Hata mama angekuwa wa kwanza hapo, asingeuza hata sweta moja. Orodha yenyewe hukuonyesha nia ya watu, kwa hivyo isome vizuri.

La nne, kuna nini juu ya orodha? Mara nyingine hutangulia matangazo ya kulipiwa, kisha ramani yenye maduka ya karibu. Ramani ina mashindano yake. Google wenyewe hueleza kwamba hapo hutazama jinsi duka linavyolingana na kinachotafutwa, umbali wake, na jinsi linavyojulikana. Kwa umbali, mama anaweza kumshinda tajiri wa Nairobi, mradi mzazi anayetafuta yuko Kitale. Kuliandikisha duka katika ramani hakutozwi hata senti, na yule kijana hakulitaja jambo hilo.

Ipo mitego pia. Google ina chombo kiitwacho Keyword Planner, kilichowekewa watu wanaonunua matangazo. Ndani yake kuna safu ya ushindani: juu, wastani, chini. Wengi hudanganyika hapo. Safu hiyo hupima jinsi wenye matangazo wanavyoyagombania maneno hayo, haipimi ugumu wa kupanda katika orodha ya kawaida. Neno linaweza kuwa "chini" hapo na bado kumi wa kwanza wakawa majabali. Kuna pia programu, kama ile ya Ahrefs, zinazotoa alama za ugumu kutoka 0 hadi 100. Zinasaidia, ila kila moja ina hesabu yake, kwa hivyo usilinganishe alama za programu hii na za ile. Mtego mwingine ni simu yako mwenyewe. Majibu hubadilika kulingana na mahali ulipo, na pengine na yale uliyowahi kutafuta. Tumia dirisha la faragha, tena umwombe rafiki wa mji mwingine ajaribu pia.

Msomaji mpenzi, usije ukakimbilia uwanja mtupu ukidhani umeshinda. Kisima kisicho na foleni huenda hakina maji. Nilipata maneno mengi yasiyo na mpinzani, lakini hayakuwa na mtafutaji vilevile. Ndipo nikakaa kibandani Jumamosi nzima nikiwauliza wateja, "Mama, ungekuwa unatafuta sweta kwa simu ungeandika nini?" Wengi walisema wangetaja jina la mji, wengine rangi, wengine jina la shule ya mtoto. Wengi pia wangeandika kwa Kiingereza au wangechanganya. Kama mwanachama wa Chama cha Kiswahili niliona haya kidogo, lakini ukweli usemwe. Hata hivyo, kurasa za Kiswahili ni chache mno zikilinganishwa na za Kiingereza, kwa hivyo anayeandika kwa lugha yetu hukuta nafasi mbele.

Tukaacha neno "masweta" liende na wenye nguvu. Tukaandika ukurasa mmoja wa "masweta ya shule Kitale", na mwingine wa maneno kama hayo kwa Kiingereza, wenye bei, rangi na picha. Tukaliandikisha duka katika ramani. Shule moja tunayoishonea ikakubali kuweka kiungo katika tovuti yake, na hiyo ikawa kura yetu ya kwanza.

Sitaki kukudanganya kwamba tumetajirika. Ilichukua kama miezi minne kabla ukurasa wetu haujaingia katika kumi wa kwanza, na ule wa Kiingereza bado uko nyuma. Lakini wazazi wameanza kupiga simu, na mwalimu mkuu mmoja ameagiza masweta 60. Maneno madogo madogo huleta mteja mmoja mmoja, na haba na haba hujaza kibaba.

Jana mama aliniuliza, "Sasa hilo neno 'masweta' tutalipata lini?" Nikamjibu, "Mama, tuzoee kwanza mbio za mtaani. Tergat tutamkuta mbele."