Mafuta ya mchaichai na kansa ya kinywa: tuuze nini, tusiuze nini

Ndugu wakulima, kuna neno linazunguka sokoni kwamba mafuta ya mchaichai, ile tunaita sitroneli, yanaponyesha kansa ya kinywa. Kwa sababu kooperative inaweza kuyakamua na kuyauza, inafaa tuelewane.

Neno hilo liko na chanzo. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kinachoitwa sitrali, ndicho kinaleta harufu ya ndimu. Watafiti waliijaribu sitrali, pia ejenoli ya karafuu, juu ya chembe za kansa ya kinywa katika vyombo vya maabara. Chembe nyingi zilikufa.

Lakini ndani ya chombo hamna ulimi, ini wala damu. Hata pombe kali ukiimwaga mule, chembe zitakufa. Dawa inapaswa kuua chembe mbaya na kuacha nzima, kwa kipimo kinachojulikana. Mafuta haya hayajafika hapo.

Sisi watu wa Kivu tunaijua njia hiyo kupitia kinkina. Gome lake lilitumiwa kwa homa miaka mingi, lakini mwaka 1820 wanakemia wa Ufaransa walitenga kinini ndani yake, ndipo waganga wakaweza kuipima kwa kila mgonjwa. Hadi leo Bukavu iko na kiwanda cha kinini.

Basi tufanye hivi:

1. Tusipake mafuta makali juu ya kidonda cha kinywa. Yanachoma. Na mafuta ya kalitusi yakimezwa na mtoto, hata kijiko kidogo, yanaweza kuleta degedege.

2. Kidonda kisichopona kwa majuma matatu, doa jeupe au jekundu lisilotoka, ama uvimbe kinywani: nenda kituo cha afya, hata kama hakiumi. Wao watakutuma hospitali kuu. Kansa ikionekana mapema, kuitibu ni rahisi zaidi.

3. Tupunguze tumbaku, ya kuvuta na ya kutafuna, pamoja na kanyanga. Hivyo ndivyo vinaleta sana kansa hii, na vikichanganywa hatari inazidi.

4. Kwenye chupa tuandike jina la mmea, tarehe ya kukamua na "si ya kunywa". Tusiandike "dawa ya kansa". Mnunuzi akituamini na kuchelewa hospitali, anaweza kupoteza maisha.

Mafuta yetu yako na soko la halali: sabuni, manukato, kufukuza mbu. Hapo ndipo tuyatafutie bei nzuri.