Mwindaji Akutanapo na Mwindaji katika Misitu ya Masisi na Walikale

Mtu asiyeujua msitu wa Walikale, mashariki mwa Kongo, akiulizwa ni kiumbe gani cha kuogopwa humo, aghalabu atamtaja chui, au nyoka alalaye juu ya majani makavu, au nguruwe dume aliyejeruhiwa. Lakini wenyeji waliokulia katika kazi ya mitego na mbwa wajua kwamba aliye hatari kuliko hao wote ni binadamu mwenye silaha, ambaye nia yake haibainiki mpaka awe amekwisha kukaribia mno. Hatari yake ni ya namna mbili, na taabu yote ya wawindaji wa nchi ile imo katika jambo hili, kwamba hadhari imkingayo mtu na hatari ya kwanza ndiyo imtiayo katika ya pili.

Masisi ni nchi ya milima, eneo lake halifiki kilomita za mraba 5,000, na sehemu kubwa ya msitu wake wa kale imekwisha kugeuzwa malisho ya ng'ombe na mashamba. Walikale, ambayo ukubwa wake wapita kilomita za mraba 23,000, yateremka pamoja na mito ya Osso na Lowa kuelekea bonde la Kongo, na bado imefunikwa na miti. Atokaye Nyabiondo kwa miguu akielekea Pinga huyaacha malisho nyuma yake na kuingia mahali ambapo jicho, hata liwe kali namna gani, mara nyingi halipenyi zaidi ya hatua 20, na hapo masikio huchukua kazi ya macho, na dhana ikachukua mahali pa yakini.

Hatari ya kwanza ni ya kukosea. Mwindaji aliyevizia tangu alfajiri, hali njaa imemkamata na watoto wanamngoja nyumbani, huwa amekwisha kumwona mnyama moyoni kabla hajamwona machoni; tawi likitikisika, akili yake hukamilisha kile kilichopungua katika kuona, na mgongo wa mnyama hutokea mahali palipo na bega la mtu. Gobore lililofuliwa na mhunzi wa kijijini hutawanya vyuma vyake ovyo, na bunduki ya kaliba 12 hurusha gololi nyingi kwa mara moja, zisizomchagua aliyelengwa. Ama risasi ya Kalashnikov hutoka mdomoni mwa bunduki kwa mwendo wa mita 700 hivi kwa sekunde, na isipokutana na kizuizi yaweza kusafiri zaidi ya kilomita 2, hata kwenye miteremko ya Masisi isiyo na miti huweza kumfikia mchungaji wa ng'ambo ya bonde ambaye mpigaji hakumwona kabisa.

Ili kuzuia makosa ya namna hiyo, katika sehemu nyingi za Marekani sheria humlazimu mwindaji kuvaa rangi ya chungwa ing'aayo, kwa kuwa mwanadamu huitambua mara moja, hali kulungu, ambaye macho yake yana vipokezi vya rangi vya aina mbili tu, haitenganishi vyema na kijani cha majani. Wazee wa Walikale walikuwa na ulinzi wao, na kwa maoni yangu ulikuwa na hekima isiyopungua ile. Miongoni mwa Wanyanga, wenyeji wa Walikale, msitu haukuwa mali ya kila apitaye: koo zilikuwa na haki zao za uwindaji mahali maalumu, mbwa walivishwa kengele, na watu wa nyavu waliitana kwa sauti, hata mtu aliyekuwa bondeni akajua ni nani aliye juu ya kilima. Utendi wa Mwindo, ambao mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck aliuandika mwaka 1956 kutoka kinywani mwa mtambaji Candi Rureke, una kisa cha wawindaji waliotumwa kutafuta nguruwe wakakutana na joka Kirimu, likawameza baadhi yao. Adui wao humo ni joka, wala si mwindaji mwenzao.

Hatari ya pili si ya kukosea bali ya kukusudia. Tangu Machi 1993, damu ilipomwagika kwenye soko la Ntoto, huko Walikale, na silaha za porini zikaelekezwa kwa watu, msitu huo umepitiwa na wakimbizi na wapiganaji wa majina mengi: FDLR, Mai-Mai, Raia Mutomboki, Nyatura, na mwezi wa Machi 2025 M23, iliyoingia mji wa Walikale na kuondoka majuma machache baadaye. Katika hali hiyo maarifa ya mwindaji yamekuwa balaa juu yake. Azijuaye njia za siri, vivuko na mapango huonekana na kundi moja kuwa mpelelezi wa kundi jingine, na akisalimika na tuhuma hiyo huweza kushurutishwa kuwa kiongozi wa njia au mchukuzi wa mizigo, nyama yake ikaliwa mbele yake.

Madini yakaongeza uzito wa hatari hiyo. Husimuliwa kwamba mawe ya kasiteriti, yaani madini ya bati, ya Bisie huko Walikale yaligunduliwa na mwindaji mnamo mwaka 2002. Baada yake wakaja wachimbaji kwa maelfu, na kambi zao zikawa soko la nyama ya porini, likawavuta wawindaji kutoka mbali wasioijua mipaka ya koo wala wasio na wa kumwomba ruhusa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 uliutaja uwindaji wa kuzilisha kambi kama hizo kuwa sababu kubwa ya kupungua kwa gorila wa Grauer, aliyetiwa mwaka huo huo katika daraja la viumbe walio karibu kabisa na kutoweka. Mimi nazisikitikia hasara zote mbili, ya mnyama na ya mtu, kwa kuwa chanzo chake ni kimoja.

Basi mtazame mwenyeji afanyavyo sasa. Huivua kengele ya mbwa wake asisikike, huacha kuwaita wenziwe, hutembea wakati wa magharibi na alfajiri, huvaa nguo za rangi ya udongo. Na kila afanyalo ili kujificha na mwenye nia mbaya humfanya afanane zaidi na windo machoni mwa jirani yake asiye na nia mbaya hata kidogo. Simlaumu, maana hana njia ambayo ni salama kwa pande zote. Lakini koti la rangi za kijeshi lililonunuliwa mitumbani halimfichi na yeyote, bali humhukumu mbele ya wote, hasa mbele ya askari wa serikali, ambao tangu hali ya dharura ya 6 Mei 2021 wameshika hata utawala wa kiraia, na ambao hawatamtofautisha mwenye gobore lisilo na kibali na mpiganaji.

Wanaorudi salama, kwa kadiri busara iwezavyo kusaidia, ni wale waliomwarifu mkuu wa kijiji bonde waendalo na siku ya kurejea, wasiokwenda peke yao, wasiofyatua mpaka wamwone mnyama mzima; na wakikutana na mtu ghafla hawakimbii, maana akimbiaye huthibitisha tuhuma, bali huielekeza bunduki chini, hunyosha mikono na kuwa wa kwanza kutoa salamu.

Na kama risasi imekwisha kumpata mtu, wenziwe wasipoteze saa katika kuulizana ni nani aliyefyatua. Damu itokayo kwa nguvu katika mkono au mguu yazuiwa kwa kukandamiza jeraha kwa kitambaa bila kuachia, na isipokoma, kwa kufunga ukanda mpana juu ya jeraha, usifungwe juu ya kiungo, ukakazwa mpaka damu ikome, na saa ya kuufunga ikumbukwe, ili mganga aambiwe; kisha abebwe kwa machela ya tipoyi, wachukuzi wakipokezana, maana njia ya kufika hospitali yaweza kuwa ya siku nzima au zaidi.