Kutembea Unguja kwa Moyo wa Hija: Kutoka Minara Miwili hadi Mangapwani na Jozani

Kila mwaka, hasa nyakati za likizo, vikundi vingi vya waamini kutoka parokia za Bara huvuka bahari kwenda Unguja. Wamo wanakwaya, WAWATA, VIWAWA na wanajumuiya waliochangishana nauli kwa miezi kadhaa. Hupanda boti Dar es Salaam asubuhi, na baada ya saa mbili hivi huiona Minara Miwili ikichomoza juu ya mapaa ya Mji Mkongwe. Wengi hurudi na vifurushi vya karafuu na mdalasini, kanga mpya na picha za ufukwe. Hakuna ubaya katika hayo. Bwana wetu mwenyewe aliwaita mitume wake waende mahali pa faragha, wapumzike kidogo (rej. Mk 6:31).

Hata hivyo, miaka michache iliyopita niliongozana na kwaya moja hadi Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Vijana wawili walisimama ukingoni mwa shimo lenye sanamu za watumwa, wakaunganisha mikono kana kwamba wamefungwa minyororo, wakapigwa picha huku wakicheka. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kivulini akawaambia kwa upole, “Wanangu, hapa si pahala pa kucheka.” Vijana wale hawakuwa wabaya. Hakuna aliyekuwa amewaeleza walikuwa wamesimama mahali gani. Kosa lilikuwa letu sisi viongozi, tuliopanga vyakula na malazi lakini hatukuiandaa mioyo.

Makala hii inakusudia kuziba pengo hilo: kueleza maeneo muhimu ya kutembelea mjini na shamba, historia yake, na jinsi mwamini anavyoweza kuyapitia kama mhujaji.

Minara Miwili: mlango wa imani

Safari ya Mkatoliki yafaa ianzie Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyeji wote, Waislamu kwa Wakristo, huliita Minara Miwili. Lilijengwa na wamisionari Wafaransa katika miaka ya 1890, na ukiingia ndani utatambua mara moja mtindo wa makanisa ya kusini mwa Ufaransa: matao ya mviringo, kuba, na michoro ya rangi kutani. Limebanwa na vichochoro vya Mji Mkongwe, hata mgeni hulitafuta huku analiona. Minara yake huonekana vizuri zaidi ukiwa baharini.

Imani iliyolijenga ilifika mapema zaidi. Mnamo Desemba 1860 Padre Armand Fava aliwasili Unguja kutoka kisiwa cha Réunion, akiwa na mapadre wenzake na masista. Mwaka 1863 utume huo ulikabidhiwa kwa Shirika la Roho Mtakatifu, chini ya Padre Antoine Horner. Miaka mitano baadaye, mwaka 1868, wamisionari hao walivuka kwenda Bagamoyo. Kwa hiyo muumini wa Morogoro, Kilimanjaro au Nairobi anapopiga magoti Minara Miwili, yuko karibu na chemchemi ya imani aliyoipokea kwa babu zake. Kanisa la Zanzibar lenyewe lilifanywa jimbo mwaka 1980, nalo ni kundi dogo linaloishi katikati ya jamii ambayo karibu yote ni ya Kiislamu. Tukisali nao Misa, tunawatia moyo ndugu zetu, nasi tunajifunza kwao namna ya kuwa Wakristo bila kutegemea wingi.

Mkunazini: ukweli usiopunguzwa

Kutoka Minara Miwili ni mwendo mfupi wa miguu hadi Mkunazini. Hapo lilikuwapo soko la watumwa hadi Juni 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kulifunga kwa shinikizo la Waingereza. Ndugu zetu Waanglikana walinunua sehemu ya uwanja ule na kujenga Kanisa Kuu la Kristo chini ya Askofu Edward Steere, ambaye pia alikuwa bingwa wa lugha ya Kiswahili. Altare yake, kwa mapokeo ya mahali hapo, imewekwa palipokuwa na mti ambapo watumwa walichapwa viboko. Ndani umo msalaba uliochongwa kutokana na mti wa Chitambo, ambako moyo wa David Livingstone ulizikwa. Nje liko lile shimo lenye sanamu tano, kazi ya msanii Clara Sörnäs ya mwaka 1998.

Wageni huonyeshwa pia vyumba vya chini ya ardhi vyenye dari fupi. Wapo wanahistoria wanaosema kwamba vyumba hivyo vilijengwa baadaye, wakati wa hospitali ya misheni. Jambo hilo lisitusumbue. Uchungu wa mahali hapo hautegemei chumba kimoja, kwa maana watu waliouzwa kwenye uwanja ule walikuwa watu kweli, waliochukuliwa pande za Ziwa Nyasa, Manyema na kwingineko.

Hapa ndipo kiongozi wa kikundi anapaswa kuwa mwangalifu. Ni rahisi kuisimulia biashara hiyo kana kwamba ni dhambi ya taifa moja au dini moja, na mgeni akatoka hapo akimtazama jirani Mwislamu kwa jicho baya. Ukweli hauruhusu hivyo. Walikuwapo wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Walikuwapo watemi na machifu wa Bara waliouza mateka. Walikuwapo pia Wakristo. Mashamba ya miwa ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi yalilimwa kwa jasho la watumwa, wengi wao kutoka pwani yetu. Réunion, kisiwa alikotoka Padre Fava, kilikomesha utumwa mwaka 1848 tu, miaka kumi na miwili kabla ya safari yake.

Wamisionari wetu nao waliwanunua watoto sokoni ili kuwakomboa, wakawalea na kuwafundisha kazi, kisha wakawaweka katika vijiji vya Kikristo. Lilikuwa tendo la huruma. Lakini ni haki kukiri kwamba watoto wale hawakuulizwa wanataka kwenda wapi, na kwamba fedha iliyolipwa iliingia mfukoni mwa mwuzaji. Mtu anayesali Mkunazini asali kwanza sala ya kutubu, kabla ya kusali ya kushukuru.

Barabara ya kaskazini hadi Mangapwani

Siku ya pili yafaa kutoka mjini kwenda shamba, kama wenyeji wanavyoiita sehemu ya kisiwa iliyo nje ya mji. Ukifuata barabara ya kaskazini utapita magofu ya Maruhubi, kasri aliyoijenga Sultani Barghash na ambayo iliteketea kwa moto mwaka 1899. Leo zimebaki nguzo na hodhi za maji. Mbele kidogo ni Mtoni, kasri ya baba yake, Seyyid Said, alikozaliwa Binti Salme mwaka 1844. Baada ya Bububu njia hupanda kuelekea Kidichi, penye mashamba ya viungo na hamamu ya kale. Hapo watoto wa mjini huona kwa mara ya kwanza pilipili manga ikitambaa mtini na karafuu ikianikwa juani.

Karafuu ina harufu nzuri, lakini tukumbuke jinsi ilivyopandwa. Mashamba makubwa ya karne ya 19 yalihitaji mikono mingi, na mikono hiyo ilikuwa ya watumwa. Kasri, hamamu na soko ni sura za historia moja.

Umbali wa kilomita zipatazo 20 kutoka mjini kipo kijiji cha Mangapwani. Manga ni jina la zamani la Arabuni, na jina la kijiji lakumbusha nchi hiyo iliyo ng’ambo ya bahari. Kuna sehemu mbili za kutembelea. Ya kwanza ni pango la asili katika mwamba wa matumbawe, lenye maji baridi yanayofaa kunywewa. Wenyeji husimulia kwamba mtwana mdogo aliyempoteza mbuzi ndiye aliyeligundua, alipofuata mlio wake hadi ndani. Ngazi hushuka kwenye giza, na hewa hubadilika ghafla.

Ya pili, umbali wa kutembea kutoka hapo, ni chumba cha watumwa. Ni chumba kilichochongwa ndani ya mwamba, kikaezekwa paa, hata mtu akiwa mbali asikione. Chanzo chake ndicho kinachoshtua: chasemekana kuwa kilitengenezwa karibu na mwaka 1880, yaani baada ya soko la Mkunazini kufungwa. Sheria ilikwisha kupiga marufuku biashara ile, lakini faida ilikuwa bado ipo, basi waliohitaji kuuza watu waliwaficha huku porini, wakisubiri jahazi la usiku. Utumwa wenyewe ulipoteza nguvu ya kisheria Zanzibar mwaka 1897 tu.

Mangapwani yatufundisha kwamba uovu unaokatazwa hadharani hautoweki. Hutafuta chumba cha siri. Leo, binti anayechukuliwa kijijini kwa ahadi ya kazi nzuri mjini au nchi za nje, kisha akanyang’anywa pasipoti na mshahara, naye amewekwa katika chumba kama hicho. Ndiyo sababu tangu mwaka 2015 Kanisa huadhimisha kila tarehe 8 Februari siku ya sala dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, katika kumbukumbu ya Mtakatifu Josephine Bakhita, msichana wa Sudan aliyeuzwa akiwa mtoto na kutangazwa mtakatifu mwaka 2000. Kikundi kinachosali hapo kinaweza kujiuliza: je, katika jumuiya yetu yupo mtumishi wa ndani asiyepewa siku ya kupumzika?

Jozani na pwani ya mashariki: uumbaji unaohitaji mlinzi

Baada ya uchungu, moyo unahitaji miti. Msitu wa Jozani uko kilomita zipatazo 35 kusini mashariki mwa mji, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iliyotangazwa mwaka 2004. Humo anaishi kima punju, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizosimama kichwani, ambaye asili yake ni Unguja peke yake duniani. Neno punju lamaanisha sumu. Watu wa zamani waliamini kwamba miti anakolisha hufa. Watafiti wameona kwamba hula hata mkaa, ambao humsaidia kuvumilia majani yenye kemikali kali. Wengi waligongwa na magari barabarani hadi matuta yalipowekwa, na vifo vikapungua. Tendo dogo la kumfanya dereva apunguze mwendo liliokoa viumbe vya Mungu.

Karibu na hapo kuna njia ya mbao inayopita juu ya matope ya mikoko. Tembea polepole, usiwalishe kima, usiwakaribie mno, na usiache hata kifuko cha karanga. Kitabu cha Mwanzo kinaeleza kwamba mwanadamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza (Mwa 2:15), na Baba Mtakatifu Fransisko alitukumbusha wajibu huo katika waraka wake Laudato Si’ wa mwaka 2015.

Ukiendelea hadi Paje au Jambiani, uliza kwanza habari za maji. Bahari ya huko hukupwa mbali sana, hasa wakati wa bamvua, na hapo utawaona akina mama wakiinama kwenye mashamba ya mwani. Usikanyage kamba zao. Unachokiona wewe kuwa mandhari, kwao ni ada ya shule ya watoto.

Adabu ya mgeni

Huko Dimbani, Kizimkazi, upo msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Waislamu walikuwa wakisali kisiwani zaidi ya miaka 700 kabla Padre Fava hajashuka chomboni. Sisi ni wageni katika nyumba ya kale, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, unatufundisha kuwaheshimu Waislamu, wanaomwabudu Mungu mmoja. Kwa hiyo:

– Funika mabega na magoti mjini na vijijini. Mavazi ya kuogelea yabaki ufukweni.
– Katika mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana.
– Piga hodi, amkia wakubwa, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu au nyumba yake.
– Wakati wa adhana nyamazisheni ngoma na vipaza sauti vya basi.
– Nunueni viungo, matunda na ususi kwa wanakijiji wenyewe, na mlipe bei ya haki.

Kabla ya kupanda boti

Tunapendekeza kila kikundi kikutane walau mara moja kabla ya safari, kisome habari za maeneo haya, na kimteue mtu mmoja wa kuongoza sala fupi katika kila kituo. Siku ya kwanza iwe ya Minara Miwili na Mkunazini. Siku ya pili, Mangapwani asubuhi na mashamba ya viungo wakati wa kurudi. Siku ya tatu, kwa wenye nafasi, Jozani na bahari. Ulizeni mapema parokiani saa za Misa.

Wanafunzi wa Emau walitembea na Bwana njiani bila kumtambua, wakamjua katika kuumega mkate (rej. Lk 24:13–35). Nasi tunaweza kupita karibu naye Mkunazini na Mangapwani, tukamwacha bila kumwona. Yule mzee wa kivulini alitusaidia kufumbua macho. Safari ijayo, kazi hiyo tuifanye sisi wenyewe kabla hatujaondoka nyumbani.

Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa Kanisa Kuu la Zanzibar, awaombee wote wasafirio. Amina.