Stadi za Kompyuta na Matarajio ya Wanafunzi Wanaoanza Kozi ya Utangulizi wa TEHAMA katika Vyuo Vikuu vya Uganda

Ikisiri
Makala haya yanafafanua stadi za kompyuta na matarajio ambayo wanafunzi wa mwaka wa kwanza nchini Uganda huja nayo wanapoanza kozi ya utangulizi wa Teknolojia ya Habari na Mawasiliano (TEHAMA). Hoja kuu ni kwamba kuuliza iwapo mwanafunzi "anajua kompyuta" hakutoshi, kwa kuwa stadi zilizojengwa kwa simu ya mkononi si zile ambazo kozi huzichukulia kuwa zipo tayari. Makala yanapendekeza jaribio fupi la vitendo katika wiki ya kwanza, litakaloongoza ufundishaji bila kutolewa alama.

Istilahi muhimu: stadi za kompyuta, matarajio, TEHAMA, jaribio la vitendo, Uganda

1.0 Utangulizi
Kozi ya utangulizi wa TEHAMA huwakusanya pamoja wanafunzi wa fani nyingi. Wanaoiandaa huegemea mojawapo ya dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba wanafunzi wote hawajui lolote, hivyo waanzie kuwasha mashine. Ya pili ni kwamba vijana wote wanajua, kwa kuwa wamekua na teknolojia. Dhana hii ya pili ilipata umaarufu kupitia Prensky (2001), aliyewaita vijana hao wazawa wa dijitali. Bennett, Maton na Kervin (2008) waliihakiki na kuonyesha kuwa ushahidi wake ni haba na kwamba vijana hutofautiana sana wao kwa wao. Hali ya Uganda inazipinga dhana zote mbili.

2.0 Njia tofauti za kufika chuoni
Tangu mapema katika muongo wa 2010, mwanafunzi wa kidato cha tano na sita nchini Uganda amekuwa akisoma, pamoja na masomo yake makuu, somo saidizi moja kati ya mawili: Hisabati au TEHAMA. Anayesoma Hisabati kama somo kuu huchukua TEHAMA. Wa Fizikia, Kemia na Biolojia kwa kawaida huelekezwa kwenye Hisabati saidizi. Matokeo yake ni kinyume cha matarajio ya wengi: mwanafunzi wa Historia na Fasihi anaweza kuingia chuoni akiwa amesoma TEHAMA kwa miaka miwili, ilhali mwenzake anayekwenda kusomea uuguzi au kilimo hakuisoma kabisa.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza kutekelezwa mwaka 2020, haukuliondoa pengo hili. Ndani yake Kiswahili ni somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, lakini TEHAMA ni somo la hiari. Shule isiyo na maabara wala umeme wa uhakika haina hiari ya kweli ya kutoa. Kundi la kwanza la mtaala huo lilifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024, na vyuo vikuu havina budi kujiandaa kulipokea.

3.0 Stadi za simu na stadi za kompyuta
Wanafunzi wengi wana uzoefu wa simu. Hutuma na kupokea fedha, hujiunga na makundi ya mawasiliano, hupiga na kusambaza picha. Hizi ni stadi halisi, ila zimejengwa juu ya programu tumishi zinazomfichia mtumiaji kazi fulani. Picha ikipigwa, simu huihifadhi yenyewe na kuionyesha. Mwenye simu hahitaji kujua imewekwa wapi. Kompyuta ya maabara humdai mwanafunzi maamuzi matatu: faili liitwe nani, liwe la aina gani, na liwekwe katika kabrasha lipi. Asiyewahi kuyafanya atabonyeza kitufe cha kuhifadhi akiamini kazi yake i salama, kisha wiki inayofuata asiione. Mhadhiri huona uzembe mahali ambapo pana dhana ambayo haikufundishwa.

Lahajedwali hutoa mfano wa pili. Tuseme wanafunzi wawili wameambiwa wajumlishe safu ya namba kumi. Mmoja anaandika fomula. Mwingine anajumlisha kwa kikokotoo cha simu na kuchapa jibu. Majibu yanafanana, na msahihishaji anayetazama jibu pekee atawapa alama sawa. Namba moja ikibadilishwa, jumla ya wa kwanza hubadilika na ya wa pili hubaki ilivyokuwa. Tofauti ya stadi huonekana hapo tu.

4.0 Kujitathmini na matarajio
Dodoso la kujitathmini ni rahisi kuendesha, lakini lina udhaifu. Kruger na Dunning (1999) walionyesha kwamba wenye umahiri mdogo katika jambo mara nyingi hukosa pia kipimo cha kuutambua upungufu wao. Tena, neno "kujua" halina maana moja: kwa mmoja ni kuchapa barua, kwa mwingine ni kuandika programu. Wapo pia wanaojipunja, hasa wanaoweza kutenda jambo lakini hawalijui jina lake la Kiingereza.

Matarajio nayo yana uzito. Yupo anayetarajia kuunda programu, yupo anayetarajia kutengeneza mashine zilizoharibika, na yupo anayetaka tu kuandika ripoti zake. Kozi inayoanza na vizazi vya kompyuta, bila kueleza somo linakoelekea, huwavunja moyo wote watatu: mwenye ujuzi huacha kuhudhuria, na asiye nao hunyamaza kwa kuona haya.

5.0 Mapendekezo
Makala yanapendekeza jaribio la vitendo la dakika thelathini katika wiki ya kwanza, lenye kazi nne: kuunda kabrasha na kuhifadhi faili ndani yake; kujumlisha kwa fomula; kutuma barua pepe yenye kiambatisho; na kutafuta taarifa mtandaoni na kutaja chanzo chake. Maelekezo yatolewe kwa Kiingereza na Kiswahili, ili jaribio lipime utendaji badala ya msamiati. Mwishoni mwanafunzi ajibu maswali mawili: ametumia vifaa gani, na anatarajia nini.

Matokeo yasiingizwe katika alama, kwani hofu ya alama huzaa udanganyifu. Yatumike kuwapangia wasio na msingi vipindi vya ziada maabarani, na kuwapa wenye ujuzi kazi zenye kina zaidi. Jaribio hili hugharimu kipindi kimoja cha vitendo. Kutolifanya kunaweza kugharimu muhula mzima wa mwanafunzi.

Kwa watunga sera, matokeo ya vyuo yakikusanywa kwa kuzingatia shule na michepuo walikotoka wanafunzi, yataonyesha ni wapi somo la hiari limekosekana kwa kukosa vifaa. Kadhalika, kanuni inayomlazimu mwanafunzi wa sayansi kuchagua kati ya Hisabati na TEHAMA inastahili kuangaliwa upya.

6.0 Hitimisho
Wanafunzi hawaji chuoni wakiwa watupu, wala hawaji wakiwa sawa. Kozi ya utangulizi itatimiza jina lake pale itakapoanza kwa kuwatambua walipo, kwa kile wanachoweza kutenda mbele ya mashine.