Mwalimu kura tatu, jirani hana hata moja

Ukitoka Rongo kuelekea Homa Bay utapita Asumbi, mahali panapojulikana kwa misheni ya Kikatoliki, shule na chuo cha walimu. Siku ya uchaguzi, mwalimu na muuza samaki husimama kwenye foleni moja, kila mmoja na kura yake. Je, msomaji, wajua kwamba mambo hayakuwa hivyo Waafrika wa Kenya walipowachagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza?

Ilikuwa Machi 1957. Baraza la Kutunga Sheria lilikuwa likikutana Nairobi tangu 1907, na Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia 1944 kwa kuteuliwa. Sasa Waafrika walipewa viti 8 vya kugombea. Lakini ili uandikishwe ulihitaji sifa fulani, kama vile elimu, mapato, mali au utumishi wa miaka mingi. Mwenye sifa nyingi aliweza kupata hadi kura 3. Asiyekuwa na sifa hata moja alibaki akitazama tu.

Hebu fikiria boma mbili zinazopakana. Huku mwalimu mwenye cheti na mshahara, kule mkulima hodari asiyejua kusoma. Wote walilipa kodi, lakini mmoja angeweza kuhesabiwa mara tatu, na mwingine asihesabiwe kabisa.

Hata hivyo, waliopiga kura hawakuwachagua vibaraka. Nyanza Kusini, ilimokuwa Asumbi, ilimpeleka Lawrence Oguda. Wenzake walikuwa Oginga Odinga, Tom Mboya, Masinde Muliro, Ronald Ngala, Daniel arap Moi, Bernard Mate na James Muimi. Mathu mwenyewe alishindwa na Mate, naye Odinga akambwaga B. A. Ohanga, Mwafrika wa kwanza kuwa waziri.

Ndani ya Baraza, hesabu ilikuwa chungu. Wazungu wachache walikuwa na wajumbe 14 wa kuchaguliwa. Mamilioni ya Waafrika, 8. Je, hao wanane wangefanya nini? Walikataa. Walipotakiwa kuingia serikalini kama mawaziri, walisema hapana hadi viti viongezwe, wakadai 15 zaidi.

Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, alikuja kutoka London mwaka huo huo. Waafrika wakaongezewa viti 6, na baada ya uchaguzi wa Machi 1958 wakawa 14, sawa na Wazungu. Bado hawakuridhika. Juni 1958 Odinga alisimama Barazani akamtaja Jomo Kenyatta, aliyekuwa kifungoni, kuwa kiongozi wa kweli wa watu. Wengi walishtuka, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

Mwaka 1960 mazungumzo yalifanyika Lancaster House, London, na uchaguzi wa 1961 ukawapa Waafrika wingi wa viti. Mwishowe, Mei 1963, kila mtu mzima alipata kura yake moja, awe msomi au asiwe.

Ikiwa nyumbani kwenu bado yupo babu au nyanya aliyeiona 1957, keti naye Jumapili hii umuulize: wewe ulikuwa na kura ngapi? Na siku utakaposikia kijana akisema kura yake moja si kitu, mkumbushe kwamba haba na haba hujaza kibaba, na kwamba wapo waliokesha wakiitafuta hiyo moja.