Gego linapewa alama, shingo haipewi

Gego la juu, lile la nyuma kabisa, ndilo linalomzoesha mwanafunzi wa udaktari wa meno kuinama vibaya. Ili alione akiwa ameketi wima anahitaji kioo kidogo cha mdomoni, na kwenye kioo mambo hugeuka: anadhani anasogeza drili mbele, kumbe taswira inarudi nyuma. Kwa anayeanza ni usumbufu mtupu. Basi anaweka kioo pembeni, anapinda shingo na kuchungulia moja kwa moja. Anakuwa bado anafanyia mazoezi kichwa cha plastiki, hajamgusa mgonjwa hata mmoja, na tayari mwili umeshika mazoea.

Hatari hiyo inapimika. Mwaka 1993, Lynn McAtamney na Nigel Corlett wa Nottingham, Uingereza, walichapisha kipimo kiitwacho RULA, kisichohitaji mashine. Mpimaji humtazama mtu akiwa kazini, hukadiria viungo vimepinda kwa nyuzi ngapi, kisha huvipa alama. Shingo iliyoinama chini ya nyuzi 10 hupata 1. Ikizidi nyuzi 20 hupata 3. Ikigeuka huongezwa 1, na ikilalia upande huongezwa 1 tena. Yule mchunguliaji wetu ameshafika 5 kwa shingo pekee, kabla mgongo wala bega lililonyanyuka havijahesabiwa. Alama zote zikipitishwa kwenye majedwali, jibu huwa kati ya 1 na 7. Mbili kushuka chini ni mkao unaokubalika, mradi usidumu muda mrefu. Saba maana yake ni kuchunguza na kubadilisha mara moja.

RULA huongeza alama pia kwa kukaa vilevile bila kujongea, na hapo ndipo kazi ya meno inapoumiza. Mpagazi hukaza misuli, akatua mzigo, ikalegea. Anayetoboa jino huikaza na kuiacha hivyo. Misuli hubana mishipa yake midogo, damu hupungua, na maumivu huanza. Kijana hupona akipumzika mwisho wa wiki, kwa hiyo hapeleki malalamiko popote.

Marekebisho yanaanzia kwenye kiti. Mwanafunzi akirithi kiti cha mwenzake kilivyo, bila kukipandisha wala kukishusha, ameshakosea. Nyayo zikae sakafuni, na mdomo wa mgonjwa uwe takriban usawa wa kiwiko. Kwa meno ya juu mgonjwa alazwe chali, kidevu kikiinuliwa. Miwani ya kukuza husaidia, lakini ikiwa pembe yake haimfai mvaaji, itamwinamisha zaidi.

Ninaloshikilia ni hili: mkao uwemo kwenye mtihani wa vitendo. Mwalimu hukagua tundu kwa makini, kina chake na kingo zake, akatoa maksi. Aliyelichimba kwa shingo iliyopinda hupata sawa na aliyeketi vizuri. Vyuo vyetu, vikiwemo vya Muhimbili na Nairobi, havihitaji kusubiri bajeti kwa jambo hili. Karatasi ya RULA ni ukurasa mmoja. Wanafunzi wawili wawili wapigane picha kwa simu, kutoka ubavuni na kutoka nyuma, wakiwa kwenye kichwa cha plastiki, wapimane, na alama zile ziingie kwenye daftari lilelile lenye maksi za gego.