Kifandugu na nyonga vinapouma mwishoni mwa mimba

Huku Luhwindja, katika milima ya Mwenga, mwanamke hubeba muhogo, kuni au kiroba cha mawe ya dhahabu mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Uzito huo hukaa juu kidogo ya makalio, pale nyonga inapoungana na uti wa mgongo. Mimba ikifika miezi saba au minane, hapo hapo ndipo panapouma. Mama akilalamika huambiwa avumilie, eti ndivyo mimba zilivyo. Sikubaliani na jibu hilo hata kidogo. Takriban mjamzito mmoja kati ya watano hupata maumivu ya nyonga, na mengi yanaweza kupunguzwa nyumbani.

Nyonga si mfupa mmoja. Ni mifupa kadhaa iliyofungwa kwa kano, ikikutana mbele kwenye kinena, na nyuma ikishikana na mfupa unaoishia kwenye kifandugu. Wakati wa mimba homoni hulegeza kano hizo. Uwazi wa kinena, ambao kwa kawaida ni milimita 4 au 5, huongezeka milimita 2 au 3. Basi mama akisimama kwa mguu mmoja, akipanda mlima au akigeuka kitandani, upande mmoja wa nyonga huvutwa kuliko mwingine. Ukiongeza kiroba juu yake, kano zilizolegea ndizo zinazobeba. Kwa hiyo dawa ya kwanza iko mikononi mwa mume, wifi na mama mkwe: wampokee mzigo.

Kitenge nacho kinasaidia. Kifungwe chini ya tumbo, kizunguke nyonga na kukaza kiasi, bila kulibana tumbo. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliutaja mkanda wa nyonga, pamoja na mazoezi, kati ya njia za kutuliza maumivu haya. Mama alale ubavu, nguo iliyokunjwa ikiwa kati ya magoti, na akigeuka abane magoti pamoja. Avae sketi akiwa amekaa.

Wanaotwanga mawe wameketi chini kutwa nzima huumia zaidi kifandugu. Wakalie kigoda, kila paja likiwa juu ya nguo iliyokunjwa, ili kifandugu kisiguse kitu, na wainuke mara kwa mara. Choo kigumu huzidisha maumivu, kwa hiyo sombe, maharage na maji ya kutosha visikosekane.

Ibuprofeni na diklofenaki za dukani ziachwe: kuanzia wiki ya 20 zinaweza kudhuru figo za mtoto. Parasetamoli ndiyo ya kumuuliza muuguzi.

Lakini maumivu yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio kabla ya wiki ya 37, damu, maji kuvuja, homa, mkojo unaochoma, au ganzi katikati ya mapaja si ya kufungia kitenge. Mama apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama siku yake ya kliniki haijafika.